Kila Mtu na Chupa Yake

Miyuji, Dodoma
Jumapili, baada ya ibada

Rafiki yangu Lukasi,

Niwie radhi kwa ukimya wa miezi minane. Unajua kwamba siipendi barua inayoanza kwa visingizio, kwa hiyo sitakuambia kwamba nilikuwa na shughuli nyingi. Sikuwa na shughuli yoyote. Nilikaa ndani. Mara nne nilichukua karatasi ili nikuandikie, na mara zote nne niliandika jina lako, nikaweka mkato, nikaishia hapo. Leo naweza kuendelea, na nitakueleza sababu kwa utaratibu, maana jambo likielezwa ovyo hata marehemu hawezi kulielewa.

Nianze na Jumamosi ile ya mwisho, ambayo naikumbuka kuliko ninavyotaka.

Tulikuwa wanne sebuleni kwangu kama kawaida. Wewe ulikuwa kwenye kiti chako karibu na dirisha, Mzee Hamisi wa Kondoa, mstaafu wa reli, kwenye mkeka na mto wake, na Yona, karani wa Bunge, ambaye tunamwita kijana ingawa ana watoto watatu, kwenye kiti cha mezani. Yona alikuwa amekodi mkanda wa Kihindi pale Majengo. Karanga za Mlali, zile anazotuletea mdogo wangu kila mavuno, zilikuwa kwenye sinia. Ilikuwa saa kumi alasiri, na tulikuwa na saa tatu kabla ya mgao wa umeme kufika mtaa wetu.

Usisahau kwamba mchezo ule ulianza kwa ajili yako. Binti yangu aliponiletea televisheni na deki kutoka Dar es Salaam, nilimwambia avirudishe. Mama watoto alikuwa ametangulia mbele za haki mwaka mmoja kabla, na sikutaka sauti za watu nisiowajua ndani ya nyumba. Ulikuja, ukavitazama, ukasema, "Mwalimu, juzi tu tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni. Leo sinema inakuja yenyewe mpaka sebuleni, na wewe unaifukuza?" Kisha ukapendekeza tuwe tunakutana, tutazame, na tunywe kidogo kila mambo ya ajabu yanapotokea kwenye kioo. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba pawe na kanuni. Mimi ni mzee wa kanisa. Sikutaka isemwe kwamba Mwalimu amefungua kilabu.

Niliandika kanuni kwenye daftari, kwa wino, na nikawasomea mkiwa mmekaa. Ya kwanza ilisema kwamba kila mtu aje na chupa yake na asiguse ya mwenzake. Kwa namna hiyo hakuna ambaye angesema alileweshwa na mimi. Hamisi hanywi kileo, akaja na tangawizi yake, na kanuni ilimruhusu, kwa kuwa haikutaja kilichomo ndani ya chupa. Likumbuke jambo hilo, nitalirudia. Yona alikuja na bia. Mimi na wewe tulikuja na divai yetu nyekundu ya Dodoma. Kikombe kilikuwa kile kidogo cha kahawa. Stelingi, yule shujaa wa sinema, akipigwa risasi asianguke, tunapiga kiti kwa kiganja, na wa mwisho kupiga anakunywa. Mwanamke akianza wimbo na nguo ya njano akaumaliza na ya bluu, vivyo hivyo. Polisi wakifika mambo yamekwisha, vivyo hivyo. Hakuna kuinuka kitini mpaka mkanda uishe, kwa sababu Yona alikuwa na tabia ya kutoka nje kila akiona anaelekea kushindwa. Na mwishoni kila mmoja anatunga uzi kwenye sindano, ili ijulikane nani bado ana akili zake.

Wewe ulikuwa wa mwisho kupiga kiti karibu kila mara, kwa sababu ulicheka kwanza, ndipo ukakumbuka kupiga. Ulikunywa kuliko sisi sote. Na ulipopewa sindano uliitunga mara moja, bila kukunja jicho, kisha ukaninyooshea kana kwamba unanikabidhi ramani uliyomaliza kuichora. Miaka thelathini ya ofisi ya ramani, nilijiambia. Mkono haujui pombe. Tulikuita Bingwa. Uliniambia, "Sisi Wahehe hatulewi kwa zabibu za ombaomba," nami, Mgogo na mtani wako, nilikujibu kwamba mla mbwa, kama tunavyowaita Wahehe, hana budi awe na tumbo gumu. Hamisi alitusikiliza na kutikisa kichwa, kwa sababu kwao hawana watani wenye midomo kama yetu.

Jumamosi ile, stelingi wa Yona alipigwa risasi mpaka nikapoteza hesabu, na mimi sipotezi hesabu. Ulipofika kikombe cha kumi na sita ulinigeukia, ukashika goti langu, ukasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, leo nisamehe." Nilikuona unatoka jasho kwenye paji la uso. Nikakujibu, "Kanuni ni kanuni, Lukasi." Ukanitazama. Ukanywa cha kumi na sita, na baadaye ukanywa cha kumi na saba. Mkanda ukaisha, ukatunga sindano, ukaondoka haraka bila kumaliza kuaga.

Alhamisi asubuhi mwanao Tumaini alinigongea mlango, akaniambia baba hakuamka.

Nilikuja. Nilifanya yanayofanywa. Niliandika majina ya waliofika, nilisimamia turubai na viti. Halafu nikiwa nimesimama nyuma ya turubai, nilimsikia muuguzi mmoja, ndugu wa shemeji, mke wako, akimwambia mwenzake, "Si alikatazwa pombe kabisa alipolazwa Pasaka ya mwaka jana? Moyo ule." Wewe ulituambia ulilazwa kwa malaria.

Nilirudi kuketi. Kuanzia hapo sikusikia chochote kilichosemwa.

Unajua kilichonipasa kufanya kaburini. Uliagiza uzikwe hapa, wala si Iringa, na mimi ndimi niliyekuwa mtani wako wa kweli mbele ya watu wote wale. Ilinipasa nizuie jeneza njiani. Ilinipasa niseme kwamba Mhehe hawezi kulala katika udongo wa Wagogo bure, mpaka nduguze waniletee jogoo. Ilinipasa niwaigizie unavyotembea, nikuulize mbwa wa jirani yupo wapi, niwafanye wafiwa wacheke hata wakiwa na machozi. Watu walinitazama wakingoja. Shemeji alinitazama akingoja. Nami nikatoa karatasi mfukoni, nikasoma wasifu wako, kurasa mbili, tangu kuzaliwa mpaka kustaafu. Hapakuwa na kosa hata moja ndani yake. Hakuna aliyecheka. Walikufukia kimya kimya kama mgeni.

Ningekutaniaje? Ningesema nini juu ya mtu niliyemlazimisha kunywa kilichomuua, aliyeniomba nimsamehe nami nikamsomea daftari?

Nilirudi nyumbani nikafunika televisheni kwa shuka. Hamisi alikuja mara tatu, nikamwambia naumwa mgongo. Yona alileta mkanda, nikampokea mlangoni na kumrudishia palepale. Kwako sikukanyaga. Nilipomwona shemeji akija kwa mbali barabarani, nilikata kushoto kwenye mashamba ya watu, mzee mzima, nikipita katikati ya mizabibu kama mwizi. Divai sikuigusa. Miezi minane, Lukasi. Mji umebadilika bila mimi. Vibanda vimejaa mpaka kwenye ukingo wa barabara, vinauza viatu vya mitumba na betri na maji ya chupa. Paa za jirani zangu zimeota antena. Kule ofisini kwa Yona wanasema watu watapunguzwa, naye amekonda. Haya yote niliyaona na kuyasikia nikiwa dirishani.

Jumamosi ya juma lililopita, mchana, nilisikia hodi. Alikuwa shemeji. Sikuwa na mashamba ya kukatiza.

Hakuketi. Alitazama sebule yote, kisha akasema, "Shemeji, nilisikia umeifunika televisheni kama maiti. Nilidhani watu wanakusingizia." Nikamwambia kwamba naumwa mgongo. Akasema, "Mgongo wako nimeuona ukipita kwenye mizabibu, ni mzima kabisa. Jumamosi ijayo tunakuja. Nimeshawaambia Hamisi na Yona. Mimi nitakalia kiti chake."

Juma zima sikulala vizuri. Niliamua kwamba siku hiyo nitasema. Nitamwambia mbele ya wenzetu kwamba nilimuua mume wake kwa kanuni, na baada ya hapo kila mmoja aende zake na kunihesabu anavyotaka. Niliandika maneno yenyewe. Niliyasahihisha. Niliyachana, nikayaandika upya.

Jana walikuja saa kumi. Hamisi alileta tangawizi, Yona bia na mkanda, na shemeji aliingia na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na chupa yako. Ni ileile, yenye lebo iliyochanika pembeni. Aliiweka miguuni pako, yaani miguuni pake, kwenye kiti chako. Niliitoa shuka televisheni. Yona akanisaidia kuingiza mkanda.

Dakika ya kumi stelingi alidondoka kutoka mlimani, akainuka, akajipangusa vumbi la begani. Shemeji akapiga kiti kabla ya sisi sote, kwa nguvu, kana kwamba alikuwa akifanya mazoezi nyumbani. Hamisi akafuata, Yona akafuata. Mimi sikupiga kabisa. Nilikuwa nimelitazama bega lile likipanguswa vumbi, nikikungoja ucheke.

"Mwalimu anakunywa," alisema Hamisi. "Chupa yako iko wapi?"

Sikuwa na chupa. Mwenye nyumba na mwandishi wa kanuni, sikuwa na chupa. Shemeji akafungua yako, akamimina kwenye kikombe cha kahawa, akaninyooshea. Hamisi akasema, "Hapana, shemeji. Kila mtu na chupa yake. Ameandika mwenyewe." Shemeji akamjibu, "Mwenye chupa hii halalamiki."

Nilikipokea kikombe. Kilichomo kilikuwa chekundu. Nikakiweka mezani, nikasimama, na karatasi yangu ikabaki mfukoni. Nilisema tu. Nilisema kwamba Lukasi alikatazwa pombe, na mimi nilimnywesha vikombe kumi na saba. Kwamba aliniomba nimsamehe, sikumsamehe. Kwamba Alhamisi alikufa. Kwenye kioo watu walikuwa wanaimba kando ya mto, na hakuna aliyekumbuka kupunguza sauti. Yona aliangalia chini. Hamisi alivua kofia yake, akaivaa tena.

Shemeji hakulia. Alisema, "Umemaliza?"

Nikasema nimemaliza.

"Basi kunywa, shemeji."

Nikanywa. Lukasi, ilikuwa juisi ya rosela. Ilikuwa na tangawizi na sukari kidogo, imechujwa vizuri, na haikuwa na kileo hata tone.

"Leo umetutengenezea juisi," nilimwambia.

"Leo na Jumamosi zote tangu alipotoka hospitali. Naichemsha Ijumaa, naichuja kwa kitambaa, naijaza kwenye chupa hiyo hiyo. Divai ya mwisho mume wangu aliinywa kabla ya Pasaka ile, na daktari ni shahidi."

Niliketi. Nilimuuliza kwa nini basi uliomba nikusamehe, kwa nini ulitoka jasho. Nikaona midomo yake inacheza.

"Alitaka kwenda haja ndogo, shemeji. Vikombe kumi na saba vya juisi kwa mzee wa miaka sitini na moja. Na wewe umeandika hakuna kuinuka. Alipofika nyumbani hakunisalimu, alinipita mlangoni akakimbilia chooni na viatu vyake vya ibada."

Hamisi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka kofia ikaanguka kwenye sinia la karanga. Yona akasema, "Mzee, kwa hiyo ile sindano…" akashindwa kumaliza. Sote tuliielewa ile sindano wakati mmoja. Miezi yote ile tulimsifu mtu aliyekuwa mzima kama mtoto wa shule kwa kutunga uzi, nami nilikagua kila kikombe, kimejaa au hakikujaa, kimekwisha au kimebaki, na sikuwahi hata siku moja kunusa chupa. Kanuni yangu ya kwanza ilinikataza kuigusa.

Nilimuuliza kwa nini hukusema. Hamisi alikuwa anakunywa tangawizi mbele yetu na hakuna aliyemcheka.

"Hamisi si Mhehe," alisema shemeji. "Alisema, huyu Mwalimu akijua nakunywa maji ya maua, atanitania mpaka kaburini." Akaongeza, "Nami nilikungoja umtanie pale kaburini, shemeji. Ukasoma karatasi."

Akaendelea, kwa sauti ya mtu anayekunja nguo, kwamba daktari alikuwa amemwambia mapema moyo ule umechoka na una siku zake, kwa divai au bila divai. "Jumamosi ndizo alizokuwa akizihesabu," alisema. "Siku nyingine zote alikuwa mgonjwa. Jumamosi alikuwa Bingwa."

Nataka ujue ilivyokuwa. Si furaha. Ilikuwa kama mtu aliyebeba gunia la mtama tangu Chamwino, akafika, akalitua, na bado mabega yanaendelea kuinama kwa mazoea. Nilitaka kukasirika, kwa sababu ulinidanganya, Lukasi, na mimi sijawahi kuvumilia udanganyifu darasani kwangu. Nilikasirika kweli, kwa muda wa dakika mbili hivi. Halafu nikajikuta nimesimama mlangoni na mikono nimeitandaza kutoka mwimo hadi mwimo.

Nikasema hakuna atakayetoka. Nikasema kuna mla mbwa mmoja alizikwa katika udongo wetu kwa hila, na kodi yake haijalipwa. Nikasema Mhehe huyo alikunywa maua kama nyuki na akajiita Bingwa, na kwamba alijua kuchora ramani ya nchi nzima lakini njia ya choo cha Mwalimu ikamshinda. Niliwaonesha ulivyotembea kwenda nyumbani Jumamosi ile, magoti yamebanwa. Mimi mzee wa kanisa, Lukasi, nilitembea sebule nzima namna hiyo, kwenda na kurudi. Shemeji alishika ukuta. Alicheka mpaka machozi, kisha machozi yakawa machozi kweli, kisha akacheka tena, akaniambia, "Ombaomba wewe, miezi minane umechelewa. Jogoo wako yupo."

Umeme ulikatwa stelingi akiwa hajaoa. Hakuna aliyelalamika.

Tuliwasha taa ya chemli, na Hamisi akasema shauri halijaisha. Yeye ni mtu wa reli, anataka kila behewa liwe mahali pake. Alisema Bingwa alishinda kwa kudanganya, kwa hiyo avuliwe ubingwa, na jina lake likatwe kwenye daftari. Yona akapinga. Alisema kanuni haikutaja kilichomo ndani ya chupa, na kwamba kama ni kudanganya, basi hata Mzee Hamisi akae chonjo na tangawizi yake. Walibishana kama wabunge wa Yona. Wakapiga kura: mmoja avuliwe, mmoja asivuliwe. Shemeji akasema yeye ni mgeni, hapigi kura. Kwa hiyo kura ya kuamua imebaki kwangu, kwa sababu daftari ni langu. Walinigeukia wakingoja, na wewe unajua kwamba katika maisha yangu yote sijawahi kuomba muda wa kufikiri. Jana niliomba.

Jogoo alikuja asubuhi hii, kabla ya ibada, amefungwa miguu kwa kitambaa cha khanga. Ni mwekundu, na ana kiburi kama cha mtu ninayemjua. Shemeji ameagiza nimle. Siwezi kumla kabla shauri halijakatwa, maana usipokuwa Bingwa kodi itabidi ihesabiwe upya. Nimemfungua miguu, anazunguka uani na kuwafukuza kuku wa jirani. Baada ya ibada nilipita kaburini kwako. Sikubeba karatasi. Nilisimama kidogo, nikakusalimu "Kamwene" kwa lugha yenu, mara moja tu, usizoee, kisha nikamimina kikombe kimoja kidogo cha rosela kwenye udongo wako. Kanuni ya kutoinuka kitini nimeifuta kwa wino. Ukijisikia kuinuka, inuka.

Jumamosi ijayo tunakutana tena. Shemeji ataleta mkanda aliouchagua mwenyewe. Amesema atajinunulia kiti chake, kwa hiyo chako kitabaki karibu na dirisha, kwa jina lile lile, mpaka hukumu itakapotolewa. Hamisi ananisukuma. Nimemwambia kwamba jambo la kisheria halifanyiwi haraka, na kwamba huenda likanichukua miaka.

Pumzika salama, mla mbwa wangu. Siku nitakayoamua, nitakuandikia.

Mtani wako,
Mwalimu